Naomba Msimsomeshe Tena Mwalimu Wetu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu,
Idara ya Masomo ya Likizo.

KUH: MALALAMIKO YA MZAZI KUHUSU MWALIMU ANAYEBADILIKA KILA AKISOMA

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, basi pokea salamu za kawaida.

Niwie radhi kwa hiyo alama ya mafuta pembeni ya karatasi. Sasa hivi tu, kabla wino haujakauka, mwanangu wa miaka minane amekuja nyuma ya bega langu, akashika karatasi kwa mkono aliotoka kuutia kwenye kopo la mafuta ya nywele, akasoma kwa sauti ya mnadani: "Malalamiko ya mzazi!" Saluni ina wateja wawili. Aliye kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama moshi, akageuka kuniuliza, "Unamshtaki nani tena, mwenzangu?" Nikasema simshtaki mtu, naandika kwa heshima. Mtoto akasema, "Anamshtaki mwalimu." Basi ndiyo hivyo, siri imetoka hata bahasha sijainunua.

Mwaka jana mtoto huyuhuyu hakuweza kutaja hata jina lake mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwetu. Shuleni na mtaani walimwita Kimya. Aliyemharibu ni mwalimu wake, na mliomharibu mwalimu ni ninyi, kwa masomo ya likizo mbili. Sasa nimesikia mmempa nafasi aje kusoma mwaka mzima kuanzia muhula ujao. Ombi langu ni moja: mnyimeni.

Mimi ni msusi. Shule niliiachia darasa la tano. Nikikosea mahali, rekebisheni kimyakimya kama mnavyorekebisha madaftari ya watoto wa wakubwa. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili yasigombane.

1. Mlimpokea akiwa mtu mwenye msimamo. Kabla hajaanza kuja kwenu tulimwita Mwalimu Chaki, maana alikuwa na chaki mpaka kwenye nyusi. Simu hakutaka hata kuisikia. Kwenye mkutano wa wazazi simu ya baba mmoja iliimba, mwalimu akaiomba kwa adabu, akaitia ndani ya boksi la chaki, ikalala humo mpaka Ijumaa. "Simu ni mdudu," alituambia. "Huingia kwa sikio la mtoto akatoka na akili yake." Tulipiga makofi. Mimi nilikwenda nyumbani nikairusha yangu juu ya kabati mtoto asiifikie, na kwa kuwa mimi ni mfupi, nami sikuifikia. Wateja walipiga mpaka wakaenda kusukwa kwingine. Sikulalamika. Nilijua mwalimu amesimama wapi, nami nikasimama nyuma yake.

2. Likizo ya kwanza mkamgeuza. Aliondoka na chaki akarudi na begi la nyaya. Akatuita tena, wazazi walewale, mabenchi yaleyale, akasema mtoto asiyegusa kioo cha tableti dunia itamwacha njiani. Yule baba wa boksi la chaki alicheka mpaka akaombwa atoke nje. Mimi nikapanda juu ya ndoo kuishusha simu.

Shule ikapata tableti tano. Darasa lina watoto hamsini na wawili. Kwa hiyo kila tableti ilizungukwa na watoto kumi na zaidi. Mmoja anagusa, waliobaki wanatazama kisogo cha anayegusa. Mwanangu alikuwa mpole, akawa wa mwisho kila siku. Alirudi nyumbani akanichorea kwenye vumbi mitindo yote ya nywele ya darasa lile, mstari kwa mstari, na wa nani umeanza kufumuka. Kama mlikusudia kunifundishia msaidizi wa saluni, asanteni sana. Mimi nilimpeleka akajifunze kusoma.

3. Mkamfanya anidanganye, naye hajui kama anadanganya. Ndani ya tableti mlikuwa na mchezo wa herufi. Inatokea herufi, chini yake picha tatu. Ukigusa picha inayofaa, watu wasioonekana wanapiga makofi. Ukikosea, hakuna ugomvi, unagusa nyingine mpaka makofi yaje. Mchezo wenyewe hauna haja na sauti ya mtu. Na mwanangu, ambaye sauti hana lakini vidole anavyo vya kurithi, akapata tisini kwa mia. Ripoti ikaandikwa: "Anashiriki vizuri sana."

Siku ile nilifunga saluni mchana. Nilimbeba mgongoni mtoto wa miaka saba mzima, miguu inaburuta, watu wanauliza kama anaumwa, nami nawajibu, "Tisini!" Kesho yake nikamsimamisha mbele ya kibao changu cha mlangoni, chenye neno moja tu, SALUNI, nikamwambia, soma, mama. Akaligusa. Akaona kimya, akaligusa tena kwa kidole kingine. Halafu akanitazama, akingoja makofi.

Nikapiga. Ningefanya nini?

4. Likizo ya pili mkammaliza kabisa. Safari hii alirudi hana begi wala chaki, amekonda kidogo, akatuita mara ya tatu. "Wazazi wangu," akasema, "nimekosea mara mbili. Kwanza nilikikataa kitu nisichokijua. Kisha nilikikumbatia bila kukiuliza swali." Bibi mmoja anayelea wajukuu akamjibu palepale, "Mwanangu, pumzika, hujalala vizuri."

Ndugu Mkuu, mzazi akiitwa shuleni anakwenda kuambiwa kwamba yeye ndiye amekosea. Hivyo ndivyo tulivyozoea, na tunavaa vizuri kwa ajili hiyo. Mwalimu akianza kuyachukua makosa yeye, sisi tushike nini?

Swali lenyewe aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa: KINAMSAIDIA NANI, KUJIFUNZA NINI? Akasema kila kifaa kitakachoingia darasani kitajibu hilo kwanza, iwe tableti, iwe rula, iwe chaki yenyewe. Tableti nne hazikuwa na jibu, akazifungia kabatini. Akabaki na moja. Na akiulizwa jambo asilolijua, anasema "Sijui." Mbele ya watoto! Chaki wakaisahau, nyaya wakazisahau, sasa anaitwa Mwalimu Sijui.

Nilimfuata kumwuliza mwanangu ana tatizo gani. Mwalimu wa chaki angeniambia mtoto ni mvivu. Mwalimu wa nyaya angenionyesha tisini. Huyu wenu wa sasa alikuna kidevu, akasema, "Mama, sijui kama hawezi kusoma au anaogopa kusikika. Haya ni mambo mawili. Nipe muda nijue ni lipi." Nilitoka pale kwa hasira. Mtu amesomeshwa likizo mbili, hajui. Mimi wa darasa la tano nijue?

5. Hili ndilo zito, naomba ulisome ukiwa umekaa.

Alichukua ile tableti moja, akampeleka mwanangu kwenye stoo ya mafagio. Akamwonyesha pa kubonyeza ili kurekodi sauti, na pa kubonyeza ili kufuta. Akamwambia, "Soma ukitaka. Usipoipenda sauti, ifute. Mimi nasahihisha madaftari kule mbele, sisikii kitu." Akaufunga mlango.

Wiki tatu mtoto anaingia na kitabu, anatoka na kitabu, tableti tupu. Alikuwa anafuta. Mwalimu hakumwuliza hata siku moja, na mimi kila jioni nikimwuliza mtoto kulikoni, anainua mabega. Nilikuwa nimeshaanza kusema na baba yake kwamba labda huyu wetu Mungu amemwandikia kazi za mikono tu, nimfundishe kusuka mapema.

Wiki ya nne hakufuta.

Mwalimu aliniletea sauti ile akaiweka kwenye simu yangu, akaondoka bila maelezo. Nilikuwa katikati ya kichwa cha mama muuza mkaa. Sekunde thelathini na nane. Kwanza unasikia fagio linaanguka. Kisha pumzi. Kisha ile sauti ambayo nyumbani naisikia kila siku ikiomba chai, lakini hapa ilikuwa inasoma: kuku wa bibi ametaga, kuku wa bibi ana mayai kumi na... Akakwama. Na peke yake humo ndani, hakuna wa kumsukuma, akajiambia, "Ngoja," akarudi nyuma akalichukua neno tena akalivusha.

Ni hilo "ngoja" lililoniharibia kazi, Ndugu Mkuu.

Mistari mitatu ya mama muuza mkaa ilikwenda kombo kama njia ya mlevi, ikabidi niifumue yote. Hakunigombeza. Alikuwa anajifuta macho kwa taulo langu la wateja. "Hebu irudie," akasema. Tuliirudia mara tisa. Siku nzima nilisuka kichwa kimoja, na taulo likachafuka kwa masizi. Hasara hiyo naiandika juu yenu.

6. Nyumba yangu imekosa utulivu. Mtoto aliyekwisha kuisikia sauti yake hazibiki. Anasoma mifuko ya sukari. Anasoma migongo ya fulana za watu wazima. Nikiwa nampaka mteja dawa ya kulainisha nywele, yeye analishika kopo na kutangaza, "Isitumike kwenye ngozi yenye vidonda," na mteja kidonda anacho, tulikuwa tumekubaliana tusikitaje.

Baba yake ni mpaka rangi. Anarudi na uchovu wake, anakaa mbele ya televisheni, anaulizwa, "Baba, hii inamsaidia nani, kujifunza nini?" Akamjibu, "Inanisaidia mimi kujifunza kunyamaza. Jaribu na wewe."

Na Jumapili iliyopita, mama mkwe wangu akiwa kwetu siku ya tisa, simu yangu ikalia ujumbe. Mikono yangu ilikuwa kwenye unga. Mtoto, kwa wema wake, akakimbilia kunisaidia, akausoma ujumbe wa baba yake kama msomaji wa taarifa ya habari: "Mke wangu, mama akiuliza, mwambie godoro la wageni tuliazima, mwenyewe analitaka kesho." Mama mkwe alikuwa amelikalia godoro lenyewe. Alilitazama, akanitazama, akamtazama mjukuu wake. "Haya," akasema, "angalau mtoto amejua kusoma." Akaanza kukunja nguo zake moja moja, taratibu, kwa namna ambayo mkwe hatakiwi kuishuhudia.

Na mimi mwenyewe sikusalimika. Jioni ananikalisha na kitabu chake ananirekodi. Ameniruhusu kufuta. Nimefuta mara saba.

7. Atakayeshika darasa. Mwalimu mkuu ametutuliza kwamba nafasi itachukuliwa na mwalimu ambaye tangu amalize mafunzo hajasoma tena chochote, kwa hiyo si kigeugeu. Nilifurahi sana. Nikaenda kumchungulia dirishani ili nifurahi zaidi. Kwake watoto huitwa mbele mmoja mmoja wasome, na anayekwama anabaki amesimama palepale mpaka kengele ya mapumziko. Nilimkuta mmoja amesimama, anatazama viatu vyake kama ndiyo kwanza anavijua. Nikauliza utaratibu huu una muda gani. Nikaambiwa miaka kumi na tisa, haujatikisika.

Sauti ya mwanangu ina miezi minne. Kitu cha miezi minne hakisimamishwi peke yake mbele za watu. Kinashikiliwa shingo, kama mtoto mchanga.

Sasa mtaona hatari iliyopo. Katika kazi yangu, kichwa kikishapendeza, unatoa mkono. Msusi anayeendelea kuvuta ili apendezeshe zaidi, anang'oa nywele za pembeni, na zile hazirudi. Mwalimu wetu amependeza. Toeni mkono. Mlimchukua kwenye kukataa mkampeleka kwenye kukubali, mkamtoa kwenye kukubali mkamleta kwenye kuuliza. Mkimsomesha mwaka mzima si atarudi haamini hata madawati? Wanasema elimu haina mwisho. Sawa, haina, lakini sisi tuna muhula.

Kwa hiyo naomba mchague moja kati ya haya. Mumpe cheti chenye muhuri, kilichoandikwa: "Huyu ameelimika vya kutosha, asiongezwe." Au nafasi yake mumpe yule wa miaka kumi na tisa, abadilishwe yeye, na msimhurumie. Au kama hapana budi wetu aje, basi msomesheni bila kumbadilisha. Naamini mnaweza, wapo wengi waliosomeshwa hivyo, tunawaona.

Naishia hapa kwa heshima zote zilizobaki. Nisalimie walimu wa walimu, watunza vitabu, wapishi na mlinzi wa getini, ambaye naambiwa ndiye atakayeipokea barua hii na kuisoma wa kwanza. Baba wa mtoto anawasalimu, ingawa hajui kama nimeandika. Wateja wangu wawili wanawasalimu, wao wanajua kila kitu.

Ni mimi, mwenye uchungu na adabu kwa pamoja,

Msusi wa mlango wa kijani, mzazi wa mtoto wa dawati la tatu.

NYONGEZA. Leo ni Alhamisi. Barua haikwenda kwa sababu niliingiwa na wateja, na sasa naona aibu kuituma, lakini karatasi ilikuwa nzuri na mkono uliniuma, kwa hiyo iende hivyohivyo.

Asubuhi amekuja kusukwa mama wa yule msichana anayekaa dawati moja na wangu. Yeye ni mshona viatu, mikono yake imejaa gundi, si mtu wa maneno mengi. Nikamwekea ile sauti ya mwanangu, kama ninavyomwekea kila anayekaa kwenye kiti changu. Akaisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wangu naye alipelekwa stoo." Nikasema, enhe? Akasema mwanawe herufi humgeukia: ya kulia inakwenda kushoto, ya juu inashuka. Alijirekodi akasikia anakosea, akafuta. Akajirekodi akasikia anakosea, akafuta. Siku ya tatu akatoka analia, na tangu hapo hataki kitabu kimkaribie. Mama huyo alipomfuata mwalimu, mwalimu akainama. Alimwambia, "Mama, dawa iliyomponya jirani yake imemuumiza wako. Sijui nimfanyie nini. Ndiyo maana nakwenda kusoma."

Yule mama alisema hayo anatazama sakafu, kichwa chake kiko mikononi mwangu, kitana kimesimama hewani. Akaongeza, "Wako keshavuka. Wangu bado yuko ng'ambo."

Nilimsuka vizuri kuliko nilivyowahi kumsuka mtu. Alipoondoka nikaichukua ile fomu ya shule, wanayotuuliza wazazi kama tunaridhia mwalimu aende, ambayo nilikuwa nimeikunja chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nimeandika: Naridhia, aende. Meza inayumba tena lakini nimeandika.

Basi namba moja mpaka saba zichukueni kama mazungumzo tu. Mpokeeni, mbadilisheni mnavyotaka. Ila msimwache azame kwenye vitabu akasahau alichofuata: kila Jumatatu mwulizeni, yule mtoto wa herufi zinazogeuka umempatia nini? Akijibu "Sijui," mrudisheni maktaba. Wakati yuko huko, mimi na mshona viatu tumepanga kutoa makopo kwenye kabati kubwa la saluni, watoto wa darasa lile wanaoogopa kusikika waje jioni waingie mmoja mmoja na simu yangu. Na huyo wake atakuja akae tu, asisome kitu, ashike nyuzi, tuone.

Naimaliza haraka, aliyeko kwenye kiti ananiita, dawa imeanza kumwasha. Kuhusu mwanangu msiwe na wasiwasi. Jana nilikwenda kwa yule mwalimu wa miaka kumi na tisa, nikamsalimu vizuri, nikamweleza kwa upole kabisa, mtu mzima kwa mtu mzima, kwamba siku atakapomsimamisha mwanangu mbele ya wenzake mpaka kengele, basi mimi nita...